Kelestini ni wa Nani?

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, hali ni hii.

Verediana, mjane anayeishi mtaa wa Lipangalala, Ifakara, mkulima wa mpunga na msemaji mkuu wa ukoo wake bila kuchaguliwa na mtu, ana shamba kule Mofu. Amelihangaikia tangu akiwa msichana wa kuamia ndege. Ana binti mmoja, Careen, aliyechumbiwa na Fidel, kijana wa Kibaoni. Mahari imepokelewa, kanisani ndoa imeanza kutangazwa, na harusi inangoja mavuno tu.

Ndipo wapimaji wakafika Mofu kwa ajili ya hati za kimila. Kila mtu akaambiwa asimame kwenye shamba lake, aseme limetoka kwa nani. Verediana akasimama, akasema lake limetoka kwa Kelestini, babu wa baba yake, mkalimani mkuu wa Wajerumani. Upande wa pili wa jaruba akasimama mtu mwingine, akasema shamba hilohilo limetoka kwa Kelestini huyohuyo, ila Kelestini ni wa kwao.

Mtu huyo alikuwa Mzee Silvano, baba yake Fidel.

Mwenyekiti wa kijiji akawapa muda walete vielelezo. Silvano akasema anayo hati ya zamani nyumbani. Verediana hakuwa na kitu, lakini alipata kusikia kwamba Kelestini aliacha wosia, akapanda basi kwenda Mahenge kuutafuta. Mara ya mwisho kumwona alikuwa masjala, karani akipuliza vumbi kwenye jalada la mirathi, naye akipiga chafya.

Basi chafya ilipokwisha, wosia ulikuwemo.

Verediana hakuusoma njiani. Aliukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga, akaushikilia kutoka Mahenge hadi Ifakara kana kwamba ungeruka dirishani. Alipofika nyumbani alimwita kaka yake, Ponsiano.

Ponsiano ni mtu mwema. Ana kasoro moja tu: mdomo wake hauna komeo.

"Soma wewe, kaka," Verediana alisema. "Macho yangu yamejaa vumbi la Mahenge."

Macho yake hayakuwa na vumbi. Alikuwa anaogopa.

Ponsiano akavaa miwani, akakohoa kama msomaji wa kanisani. "'Mimi, Kelestini, mpishi wa mapadri, nikiwa na akili zangu timamu...'"

"Rudia hapo."

"'Nikiwa na akili zangu timamu.'"

"Nyuma yake."

"'Mpishi wa mapadri.'"

"Wamekosea. Ni mkalimani."

"Veredi, hapa pameandikwa mpishi. Na huku chini kuna mtu anaachiwa sufuria kubwa."

Verediana aliketi. Kwenye kila msiba na kila kipaimara, kwa miaka mingi, amewasimulia watu jinsi babu yake alivyokuwa akisimama kati ya Wajerumani na wananchi, bila yeye hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mwaka jana ukoo ulichapisha fulana, mgongoni zimeandikwa UKOO WA MKALIMANI. Yeye ndiye aliyechagua rangi.

"Usihuzunike," Ponsiano alimwambia. "Tutasema alikuwa anawatafsiria mapadri ugali."

"Soma, kaka. Soma."

"'Shamba la Mofu nawaachia wanangu wawili: Deogratias, mtoto wa mke wangu wa kwanza aliyefariki, na Beno, mtoto wa mke wangu Tekla, niliyefunga naye ndoa kanisani mwaka wa vita. Walime pamoja na wasigombane.'"

Deogratias ndiye babu yao, baba wa baba yao.

Verediana alipiga kigelegele ambacho kilimtoa jirani jikoni. Mpishi au mkalimani, shamba lilikuwa lao, na mwenyewe alikuwa amelitaja kwa jina! Alitaka kuinuka amkumbatie kaka yake, lakini Ponsiano bado alikuwa ameinamia karatasi, amekunja uso.

"Veredi, huyu Beno ni nani?"

"Ndugu yake babu. Marehemu."

"Silvano anaitwa Silvano nani?"

"Silvano Fulgensi." Alilijua vizuri, maana juzi tu alikuwa anahakiki majina ya kadi za harusi.

"Fulgensi nani?"



Fulgensi Beno. Kwenye kadi lilikuwa limekolezwa kwa wino wa dhahabu.

"Basi Silvano hakusema uongo," Ponsiano alisema polepole. "Kelestini ni wa kwao na ni wa kwetu. Silvano ni ndugu yetu. Na kama Silvano ni ndugu yetu, basi Fidel na Careen..."

"Kaka, usiseme."

"...ni mtu na ndugu yake."

"Nimekwambia usiseme!"

"Nimeshasema."

"Basi usirudie."

Padri angeweza kufungua vitabu vyake akasema undugu wenyewe uko mbali, hauna kizuizi. Lakini wazee wa pande mbili hawaendi kwa vitabu. Kwao, damu ni damu, hata ikiwa imepita kwa mababu wangapi. Wakijua, mahari ingerudishwa kabla ya jioni.

"Kikao cha Mofu ni keshokutwa," Verediana alisema. "Kaka, nakuomba kwa jina la marehemu mama. Mpaka siku hiyo, hujasoma kitu."

"Sijasoma kitu," Ponsiano aliapa, akatoka akiwa amebana midomo kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

Kesho yake asubuhi mama muuza vitumbua wa pale njia panda alimpa Verediana vitumbua vya nyongeza bila kuombwa. "Chukua tu, Mama Careen," alimwambia, akimtazama kwa huruma. "Haya mambo yanatokea."

Msomaji, maji yalikuwa yamemwagika.

Careen anafanya kazi duka la dawa pale mjini. Siku hiyo alirudi mapema. Aliweka mkoba mezani, akabaki amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza, kuna kambale."

"Mama, nimesikia naolewa na kaka yangu."

"Si kaka. Ni binamu. Tena wa mbali."

"Nimeambiwa na mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo. Si na wewe. Mteja wa minyoo!"

Verediana hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na Careen naye akacheka, halafu akaacha ghafla, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama akamvutia kwenye mkeka.

"Ungenificha mpaka lini?"

"Mpaka nipate pa kuanzia."

"Ukiupeleka huo wosia kikaoni, utapata shamba, au nusu yake, lakini mimi basi tena. Usipoupeleka, Mzee Silvano anachukua lote."

"Najua."

"Sasa unataka shamba au unataka mkwe?"

"Nataka vyote," Verediana alisema. "Tangu lini mtu akaulizwa mguu upi ukatwe akachagua?"

Careen aliegemeza kichwa begani kwa mama yake. "Mimi sikuchagulii. Shamba hilo ndilo lililonisomesha. Nikikwambia liache nitakuwa sina adabu. Nikikwambia mwache Fidel..." Hakumaliza. "Yule mtu, mama, akija hapa anaosha vyombo. Umeona wangapi?"

Kwa kweli Verediana hakuwa ameona wengi.

Alijifunga khanga ya pili na kupanda bodaboda hadi Kibaoni.

Mzee Silvano ana mashine ya kukoboa mpunga, na hakuna mahali pabaya pa kusemea siri kama mbele ya mashine ya kukoboa mpunga. Tangu siku ya wapimaji wawili hawa walikuwa hawajazungumza. Silvano alipomwona aliinamisha kichwa kwa heshima ya ukwe, akamkaribisha kwa mkono, maana sauti ilikuwa haisikiki.

"Mkwe, nina jambo!" Verediana alipaza sauti.

"Unasemaje?"

"Nasema nina jambo! Zito!"

"Kizito? Wakushushie?"

"Wosia! Nimeupata! Beno na Deogratias walikuwa ndugu! WATOTO WETU NI NDUGU!"

Wala hakujua ni nani aliyezima mashine. Ilizimika pale pale kwenye "watoto", na maneno yaliyobaki yakatoka wazi mbele ya wapakizi, wateja na mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua pumba za nguruwe. Wote wakageuka kuangalia mpunga, wakionyesha kwamba hawakusikia.

Silvano alimpeleka ndani upesi.

Ajabu ni kwamba hakushtuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoa bahasha ya nailoni nyuma ya picha ya Familia Takatifu.

"Hii ndiyo hati yenyewe," alisema. "Mimi nakiri, mkwe, nilisimama Mofu nikajitapa nayo sijawahi kuisoma. Mwandiko wa zamani, wino umefifia. Nilikuwa naona tu jina la Kelestini huku chini, nikajua imekwisha. Jana Fidel ameipiga picha kwa simu, akaikuza, akanisomea neno kwa neno. Tangu hapo sijala vizuri."

"Inasemaje?"

Silvano aliisema kwa kichwa, kama sala. "Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja, mbele ya akida, jumbe wa Mofu amempa kipande cha ardhi Tekla, mjane, mwenye mtoto mchanga aitwaye Beno. Mjane naye ametoa majembe na mbuzi. Shahidi: Kelestini, mpishi."

"Hata humo ni mpishi?"

"Hata humo."

Verediana aliachia pumzi. Kisha akaanza kuhesabu mambo kichwani. Wosia ulisema Kelestini alimwoa Tekla mwaka wa vita. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuja miaka mitatu baada ya hati, na hati inasema wakati huo Beno alikuwa ameshazaliwa, na mama yake ni mjane wa mtu mwingine.

"Mkwe," alisema. "Kumbe Beno alikuwa mtoto wa kufikia!"

"Ndivyo."

"Kelestini alimlea tu!"

"Alimlea, akampa jina la mwana. Lakini damu yetu ni ya huyo mume wa kwanza wa Bibi Tekla, ambaye hata jina hatulijui."

Kigelegele cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na huko nje mtu mmoja, bila kujua anachoshangilia, akakiitikia. Careen ataolewa! Fidel ataosha vyombo mpaka uzeeni! Verediana alisimama, akazunguka chumba, akamshika Silvano mikono yote miwili, jambo ambalo kwa mkwe halifanywi, na Silvano akaangalia chini kwa aibu.

Ndipo akaona kwamba mwenzake hafurahi.

"Kuna nini tena?"

"Mama Careen, kaa," Silvano alisema kwa upole. "Soma tena hati kichwani mwako. Shamba ni la nani?"

Alikaa.

Shamba lilikuwa la Tekla. Alilipata kwa majembe yake na mbuzi wake kabla Kelestini hajaingia nyumbani mwake. Kelestini aliandika wosia wa kitu kisicho chake, na Deogratias, babu yake Verediana, hakuwa mtoto wa Tekla. Damu ya Tekla ilikuwa kwa Silvano peke yake. Babu yake Silvano alihama tu baada ya mafuriko, akaenda kutafuta maisha Kibaoni, na waliobaki Mofu wakaendelea kulima, mwana kwa mjukuu, mpaka wakasahau walibakije.

"Nimejaribu kuisoma kwa namna nyingine," Silvano alisema. "Haisomeki."

Verediana aliaga vizuri, kama mtu mwenye adabu zake.

Siku ya kikao alifika Mofu mapema kuliko wote, akaenda shambani kwanza. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha masuke. Alivua viatu, akashuka kwenye jaruba, tope likampanda mpaka vifundoni. Pale kwenye tuta ndipo mama yake alipokuwa akimwacha juu ya dungu na kopo la kufukuzia kwelea kwelea. Pale ndipo yeye mwenyewe alipalilia na Careen mgongoni, mume akiwa amezikwa juzi tu, na watu wakamwambia auze aende mjini kufanya biashara ndogondogo. Hakuuza.

Wosia ulikuwa bado kwenye pindo la khanga. Angeweza kuutoa huo tu na kuinyamazia hati ya Silvano. Silvano ni mtu mpole, asingemwumbua hadharani. Mwenyekiti angesoma, "wanangu wawili", akagawa shamba katikati, na wazee wakavunja harusi siku hiyohiyo. Au angenyamaza kabisa, shamba likaenda, lakini mkalimani akabaki mkalimani.

Alilia kidogo, akijiambia moyoni kwamba ni jasho. Alinawa miguu, akavaa viatu.

Kikao kilijaa kuliko mkutano wa siasa. Vitumbua vilikuwa vimefanya kazi yake. Mwenyekiti Teofili, mtu mfupi mwenye subira ndefu, aligonga meza. Careen na Fidel walikuwa wameketi pembeni, wameshikana mikono chini ya daftari ambalo hakuna aliyedanganyika nalo.

"Tuanze na mama," mwenyekiti alisema.

Verediana alisimama. Ponsiano alimkazia macho akimhimiza autoe wosia. Aliutoa.

"Mwenyekiti, huu ni wosia wa babu yangu Kelestini. Nimeufuata Mahenge. Humu anatuachia shamba." Watu walinong'ona. "Lakini shamba halikuwa lake. Lilikuwa la Bibi Tekla, na Bibi Tekla ni wa kina Mzee Silvano. Sisi tulilima kwa hisani ya watu tusiowakumbuka. Nawarudishia. Na jingine: babu yangu hakuwa mkalimani. Alikuwa mpishi. Wenye fulana watanisamehe."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wakafuata wengine. Ponsiano alikuwa ameshika kichwa. Careen alikuwa analia waziwazi.

Silvano akainuka kabla makofi hayajaisha.

"Mwenyekiti, mimi hati ninayo, na kweli inasema ni la Bibi Tekla. Lakini Kelestini alimlea babu yangu Beno kama mwanawe, akamlisha, akampa urithi sawa na mtoto wake wa kumzaa. Na sisi tulipoondoka, watu wa Kelestini ndio waliobaki na mafuriko, na nguruwe pori, na ndege. Mimi sijui hata mpaka wa shamba hili uko wapi. Abaki nalo Mama Careen."

"Sitaki," Verediana alisema.

"Na mimi sitaki."

"Jamani!" Mwenyekiti Teofili alivua kofia. "Kila siku nagawa mashamba yanayogombewa. Hili linalokataliwa mnataka nilifanyeje?"

Ukumbi ulicheka wote, hata wapimaji. Ponsiano alipendekeza wapewe watoto kama zawadi ya harusi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mdomo wake ulisema jambo la maana mahali panapofaa. Verediana na Silvano waliangaliana. Vichwa vikatikiswa kukubali. Mwenyekiti akachukua kalamu.

"Hodi humu!"

Mwanamke alisimama mlangoni na begi la safari kichwani, ameloa jasho la njiani.

"Samahanini, basi la Malinyi limetuchelewesha. Mimi ni Frida, dada yake Silvano. Nimekuja kwa maandalizi ya harusi, nikaambiwa wote mko huku."

Hakuna aliyemkaribisha.

Mwanamke yule alikuwa na paji la uso la Verediana. Alikuwa na pua ya Verediana, na mwanya wa Verediana, na ile namna ya Verediana ya kuweka mkono kiunoni anapongoja kujibiwa. Silvano alimtazama dada yake, akamtazama mkwe wake, kama mtu anayeziona nyuso hizo mbili leo kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti Teofili akaweka kalamu chini.

"Mama Verediana," alisema, "mbona uko hapa umeketi, na kule mlangoni unaingia?"

Hapo ndipo Ponsiano alipofunua mdomo, na hakukuwa na mtu karibu wa kumziba.

"Ala! Kumbe babu alianza kwenda kwa mjane kabla ya hati!"

Wazee wa pande mbili wakageuka kuwatazama Careen na Fidel. Careen alijaribu kuutoa mkono wake chini ya daftari.

Fidel hakuuachia.